Fremu ya Chuma ya Zamani: Hesabu Kabla ya Rangi

Kufufua baiskeli ya zamani ya mbio, ile ya chuma yenye tairi nyembamba na hendeli iliyopinda kuelekea chini, kunaweza kufika shilingi 640,000 za Tanzania hata kama fremu ilinunuliwa kwa 100,000 tu. Kwa hesabu hiyo, katika kila shilingi 100 za kazi nzima, fremu imekula chini ya 16. Hata hivyo, mnunuzi na muuzaji wa mtumba hubishana zaidi juu ya hizo 16: stika ya Reynolds 531 iliyobandikwa kwenye bomba, mwaka wa kutengenezwa, na kama chuma chenyewe ni chepesi. Makala haya yanaweka takwimu za utambuzi kando ya takwimu za ukarabati, ili msomaji aone fedha inaamuliwa wapi.

Kuna aina mbili za tarakimu humu. Vipimo vya milimita ni viwango vya viwanda, na yeyote mwenye kifaa anaweza kuvihakiki. Bei za shilingi ni za kukokotolea tu: zimewekwa ili hesabu isimame, wala si bei za duka wala fundi fulani. Asiyekubaliana nazo aweke zake. Njia ya kukokotoa itabaki ileile.

Stika inathibitisha nini

Reynolds ni watengenezaji wa mabomba ya chuma wa Birmingham, Uingereza. Mwaka 1897 Alfred Reynolds na mwenzake walipata hataza ya bomba lililokondeshwa, yaani bomba lenye ukuta mnene kwenye ncha, linapounganishwa na jingine, na mwembamba katikati. Mwaka 1935 ilitoka 531, chuma chenye manganizi na molibdenamu. Ni mambo mawili tofauti. 531 ni aina ya chuma; kukondeshwa ni umbo la bomba. Chuma hicho kiliuzwa pia katika mabomba ya unene mmoja toka ncha hadi ncha, kwa hiyo namba 531 peke yake haijibu swali la uzito.

Swali la pili ni kiasi. Fremu ina mabomba 8: la juu, la chini, la siti, fupi la mbele linaloshika foki, mawili ya chini yanayokwenda gurudumu la nyuma na mawili yanayoshuka kutoka kwenye siti. Foki ina 3, yaani shina na miguu miwili. Jumla ni 11. Stika za Reynolds zilitofautiana maneno kulingana na kilichotumika, na baadhi zilitaja mabomba makuu matatu tu. Hapo 531 ni mabomba 3 kati ya 11, sawa na asilimia 27 kwa idadi. Kwa uzito sehemu hiyo ni kubwa zaidi, maana matatu hayo ndiyo marefu na mapana, lakini bado si fremu nzima. Isitoshe, stika mpya za kunakili zinauzwa. Kinachothibitishwa na stika ni kwamba kuna mtu aliibandika.

Tundu la siti

Ushahidi mgumu kughushi uko kwenye tundu linapoingia bomba la kubebea siti, ambalo hapa tutaliita nguzo ya siti. Katika fremu za Uingereza na Italia za zama hizo, bomba la siti lina kipenyo cha nje cha milimita 28.6. Nguzo yenye kipenyo cha 27.2 ikiingia vizuri, hesabu ni hii: 28.6 ukitoa 27.2 inabaki 1.4, toa 0.2 ya nafasi ya kupumulia, inabaki 1.2, gawa kwa mbili, maana kuna ukuta pande zote mbili. Unene wa ukuta ni milimita 0.6. Hilo ni bomba jembamba, la fremu ya daraja la juu.

Nguzo ikiwa ya 26.4, hesabu hiyohiyo inatoa 1.0. Ikiwa ya 25.8, inatoa 1.3, na hapo tuko kwenye chuma cha kawaida cha fremu za bei nafuu. Kati ya 25.4 na 27.2 kuna hatua 9 za milimita 0.2, zote ndani ya tofauti ya milimita 1.8. Rula ya shule haiwezi kuzitenganisha. Kalipa, kile kifaa chenye taya mbili cha kupimia vipenyo, inaweza. Tukiiwekea kalipa ya kawaida shilingi 25,000, ni asilimia 3.9 ya bajeti yetu, na haitumiki kwa fremu moja tu.

Hesabu hii ina dhana moja inayopaswa kuulizwa: kwamba kipenyo cha nje ni 28.6. Fremu nyingi za zamani za Ufaransa zilitumia bomba la siti la milimita 28.0. Peugeot PX-10, baiskeli ya mbio iliyojengwa kwa 531, ilichukua nguzo ya 26.4. Ukitumia 28.6 utapata ukuta wa 1.0 na kuidharau, ukitumia 28.0 utapata 0.7, ambayo ni fremu nyepesi. Namba ni ileile, hukumu mbili. Kwa hiyo kipimo cha nje hutangulia cha ndani.

Dhana ya pili ni kwamba nguzo iliyomo ndiyo ya asili. Katika baiskeli iliyopita mikononi mwa watu wengi, mara nyingine ukivuta nguzo hutoka pamoja na ukanda wa bati la kopo uliozungushwa mara moja ili isicheze, mara nyingine maandishi ya kopo bado yanasomeka chini ya grisi nyeusi. Bati la milimita 0.2 likizunguka nguzo linaongeza 0.4 kwenye kipenyo. Nguzo iliyogongwa muhuri wa 26.8 inakuwa imejaza tundu la 27.2. Anayesoma muhuri tu atakokotoa ukuta wa 0.8 badala ya 0.6, kosa la theluthi nzima. Pima tundu lenyewe, chini kidogo ya mpasuo wa kukazia, kwa sababu mpasuo hubanwa na kupoteza umbo.

Namba ya mwaka

Chukua fremu ya Raleigh, jina linalofahamika Afrika Mashariki zaidi kwa baiskeli nzito za 28 kuliko kwa baiskeli za mbio. Kuanzia mwaka 1973 namba za fremu zake za Uingereza zilianza na herufi ya kiwanda: N kwa Nottingham, W kwa Worksop. Herufi ya pili ni ya mwezi, na tarakimu inayofuata ni ya mwisho ya mwaka. Namba yenye 4 hapo inaweza kuwa ya 1974 au 1984. Anayetaja mwaka mmoja kwa uhakika, akiwa na tarakimu hiyo tu, amechagua kati ya miwili bila kusema.

Herufi ya kiwanda husaidia kuchuja. Worksop palikuwa makao ya Carlton, kampuni ya baiskeli za mbio ambayo Raleigh iliinunua mwaka 1960, na kiwanda hicho kilifungwa mwaka 1981. Fremu ya W yenye 4 basi haiwezi kuwa ya 1984. Ya N yenye 4 bado ina majibu mawili, na inahitaji ushahidi mwingine: upana wa nafasi ya gurudumu la nyuma. Fremu za gia 5 nyuma zina milimita 120. Za gia 6 na 7, zilizoenea kuelekea miaka ya 1980, zina 126. Za gia 8 na kuendelea zina 130. Nafasi ya 120 inavuta kuelekea 1974, ya 126 kuelekea 1984, mradi hakuna fundi aliyeipanua katikati.

Vipuri vina tarehe zake pia, ila ni tarehe za vipuri. Shimano iligonga herufi mbili: ya kwanza mwaka, A ikiwa 1976, na ya pili mwezi. FC ni Machi 1981. Herufi 26 ziliisha mwaka 2001, kisha A ikarudi kwa 2002. Gia ya mwaka fulani inasema tu kwamba fremu ilikuwapo gia ilipofungwa. Vipuri vitatu vya mwaka mmoja ni ushahidi mzuri. Kimoja ni uvumi.

Milimita zinazogharimu

Kosa la mwaka halimgharimu mwendeshaji chochote. Kosa la nyuzi za skrubu humgharimu. Bomba la pedeli, kile kipande kifupi kilicho chini kabisa ya fremu na kinachobeba ekseli ya pedeli, lina nyuzi za ndani zinazoshika mabakuli ya gololi. Kiwango cha kawaida cha Uingereza ni nyuzi 24 kwa inchi, na bomba lina upana wa milimita 68. Italia ni nyuzi 24 pia, lakini kipenyo ni milimita 36 na upana 70. Ufaransa ni kipenyo cha 35 na uzi mmoja kwa kila milimita. Raleigh za Nottingham zilikuwa na kiwango chao, nyuzi 26 kwa inchi, na upana wa 71 au 76. Za Worksop zilifuata 24 za kawaida.

Tofauti ya 24 na 26 inaonekana ndogo hadi uigawanye. Inchi ni milimita 25.4. Kwa nyuzi 24, uzi mmoja unachukua milimita 1.058, kwa 26, unachukua 0.977. Bakuli lenye milimita 12 za nyuzi lina nyuzi 11.3 katika kiwango cha kwanza na 12.3 katika cha pili. Kwa hiyo bakuli lisilo lake litaingia mizunguko michache kana kwamba limekubali, kisha litagoma kabla ya kufika mwisho, likiwa limetofautiana na fremu kwa uzi mmoja kamili. Fundi akiongeza nguvu kwa spana ndefu, kinachokatika ni nyuzi za fremu.

Bakuli jipya la nyuzi 26 halipatikani kirahisi. Mabakuli ya zamani yakiwa hayajachimbika, kinachobadilishwa ni gololi: 11 kila upande za robo inchi, jumla 22. Hicho ni kipuri cha bei ndogo kuliko vyote katika kazi nzima. Fremu moja inaweza kuokolewa kwa gololi 22 au kuharibiwa kwa bakuli moja jipya, na kinachoamua ni kama kuna aliyepima upana wa bomba la pedeli. Kwa kipimo hiki rula inatosha kukupa tahadhari: 71 na 76 ziko mbali na 68.

Magurudumu nayo yana hesabu yake. Tairi la baiskeli ya mbio ya leo hukaa kwenye rimu ya milimita 622. Baiskeli nyingi za mbio za Uingereza za miaka ya 1970 zilikuwa na rimu za inchi 27, ambazo ni milimita 630. Baiskeli ya 28 iliyozoeleka vijijini ina 635. Majina yanasema 28 ni kubwa kuliko 27 kwa inchi nzima, milimita 25.4, kipimo halisi kinasema ni milimita 5. Ukitoka 630 kwenda 622, rimu inashuka milimita 4 kila upande, na raba za breki lazima zishuke kiasi hicho. Kabla ya kununua magurudumu, tazama kama mpasuo wa mkono wa breki una milimita 4 za ziada chini. Kama hazipo, ongeza bei ya breki.

Wepesi, kwa gramu

Sasa madai ya uzito. Tuchukue mabomba makuu matatu ya fremu ya kati: la juu lenye kipenyo cha 25.4 na urefu wa milimita 560, la siti 28.6 kwa 560, na la chini 28.6 kwa 620. Chuma kina gramu 7.85 kwa sentimita moja ya ujazo, kiwe cha bei kubwa au ndogo. Aloi haipunguzi uzito huo kwa maana yoyote. Kinachopungua ni unene. Kwa ukuta wa 1.3, mabomba hayo yana gramu 433, 490 na 543, jumla 1,466. Kwa bomba lililokondeshwa lenye wastani wa 0.7, ni 239, 270 na 299, jumla 808. Tofauti ni gramu 658.

Wastani wa 0.7 ni dhana inayoipendelea fremu nyepesi. Ukiweka 0.8, jumla inakuwa 919 na tofauti inashuka hadi 547. Tuache 658, tuipe stika nafasi yake bora. Mwendeshaji wa kilo 75 na baiskeli ya kilo 10 ni kilo 85. Gramu 658 ni asilimia 0.77 ya mzigo huo. Kwenye mlima unaopandwa kwa dakika 30, hata tukichukulia kwamba nguvu yote inakwenda kwenye kupanda na hakuna upepo, faida ni sekunde 14. Uzito huo unahisika unapoinua baiskeli kwa mkono. Barabarani, tairi mpya na gololi zenye grisi zina nafasi kubwa zaidi ya kuhisika.

Bajeti

Hii ndiyo orodha ya mfano, kwa shilingi za Tanzania:

Fremu na foki: 100,000
Kutoa rangi na kutu: 30,000
Kunyoosha na kupanua nyuma: 20,000
Praima, rangi na vanishi: 80,000
Gololi, ekseli na grisi: 30,000
Magurudumu mawili ya mtumba: 120,000
Tairi na tyubu: 70,000
Breki na nyaya: 50,000
Cheni na gia: 90,000
Siti na hendeli: 50,000
Jumla: 640,000

Ukizigawa katika mafungu matatu, fremu ni 100,000, asilimia 15.6. Kazi juu ya fremu, yaani kutoa rangi, kunyoosha na kupaka, ni 130,000, asilimia 20.3. Vipuri vya kuifanya itembee ni 410,000, asilimia 64.1. Mnunuzi akifaulu kupunguza bei ya fremu kwa nusu ameokoa 50,000, sawa na asilimia 7.8 ya jumla. Ni fedha, lakini ni sawa na kuokoa breki tu.

Kutokana na mafungu hayo tunapata kanuni ya ununuzi. Baiskeli kamili ina thamani ya fremu pamoja na sehemu ya vipuri 410,000 inayoweza kutumika. Kama asilimia 60 ya vipuri vyake ni vizima, thamani ya vipuri hivyo ni 246,000, na baiskeli nzima hailipi zaidi ya 346,000. Ikiuzwa 250,000 ni nafuu kwa 96,000 kuliko fremu tupu ya 100,000. Asilimia 60 hiyo ndiyo tarakimu ya kuhojiwa, kwa kuwa muuzaji huhesabu kipuri kilichopo na mwendeshaji huhesabu kinachofanya kazi. Cheni iliyoganda kwa kutu ipo, lakini thamani yake ni sifuri.

Kuna gharama ambayo haimo kwenye orodha: saa za mwenye baiskeli. Tukiweka saa 25 za kusugua, kufungua na kufunga, kwa shilingi 3,000 kila saa, ni 75,000. Jumla inakuwa 715,000. Anayefanya kwa mapenzi anaweza kuiweka sifuri kwa haki kabisa. Anayesema anafufua ili auze hawezi.

Fungu la rangi

Kutoa rangi na kupaka upya ni 110,000, asilimia 17.2 ya 640,000. Ndilo fungu linalofanywa kwanza na wengi, na ndilo pekee ambalo likifutwa baiskeli itatembea vilevile. Bila hilo jumla ni 530,000. Fungu hili pia hufuta ushahidi: stika ya asili, michirizi ya rangi ya kiwandani, matundu ya beji ya mbele, na mara nyingine namba yenyewe, ikizibwa na praima. Wakusanyaji wengi huthamini rangi ya asili iliyochakaa kuliko mpya, kwa hiyo 110,000 zinaweza kutumika kupunguza thamani.

Kwa fremu nyembamba kuna hasara ya pili. Grainda au upigaji mchanga kwa pampu ya hewa ukila milimita 0.1, bomba la ukuta wa 1.3 limepoteza asilimia 8. Bomba la 0.6 limepoteza 17. Kutu iliyochimba 0.2 imekula theluthi ya ukuta huo mwembamba, na chini ya sehemu moja ya sita ya ule mnene. Fremu inayosifiwa kwa wepesi ndiyo isiyovumilia kazi ya haraka. Hata ufa wake hauzibwi kwa welding ya umeme ya mageti: mabomba haya yaliunganishwa kwa brasi au fedha iliyoyeyushwa, na 531 haikukusudiwa kuyeyushwa kwa welding.

Mpangilio wa matumizi basi unatoka kwenye tarakimu zenyewe. Kalipa na rula kwanza, kwa 25,000 au kwa kuazima: tundu la siti, upana wa bomba la pedeli, nafasi ya nyuma, rimu. Gololi, breki na tairi zifuate, kwa sababu 410,000 za vipuri ndizo zinazoamua kama kuna baiskeli au hakuna. Rangi iwe ya mwisho, na kwa fremu ya 27.2 yenye rangi ya asili, iachwe. Ukuta wa 1.3 ukipakwa rangi mpya utapendeza na kudumu. Usiulipie tu bei ya 0.6 kwa sababu ya stika.